Lori la Alhamisi

Masoudi muuza samaki alikana akiwa amekaa, akakana akiwa amesimama, na aliposhikwa bega akakalishwa tena, akakana kwa kuapa. Kambini anakwenda, ndiyo, anapeleka samaki wakavu kila wiki. Lakini mtoto? Mtoto gani? Watoto wa wakimbizi wako wengi, wote wanakimbia nyuma ya pikipiki, yeye atamjuaje mmoja?

"Anaitwa Bilali," Sajenti Lusiana alisema. "Ana miaka tisa. Jino la mbele limevunjika."

"Simjui, dada afande."

"Chagua moja. Dada au afande."

Walikuwa nyuma ya soko la Ruangwa, kwenye kivuli cha ghala la ufuta, na mpaka hapo Lusiana alikuwa ameshachoka kabisa na watu wa kusema simjui. Kuanzia Nachingwea mpaka Narung'ombe kila aliyeulizwa alikuwa na jibu lilelile, yaani kama wamefundishwa darasa moja. Na siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Alhamisi asubuhi malori yanakuja kuwachukua wakimbizi wote wa kambi ya muda iliyo nje ya Ruponda, kuwapeleka kambi kubwa ya magharibi, kule mwisho wa nchi. Mama yake Bilali, Mwamina, alikuwa kwenye orodha ya lori la kwanza. Akipanda, mtoto anabaki huku peke yake. Akikataa kupanda, anafutwa ukimbizi, na aliyefutwa anarudishwa ng'ambo ya Ruvuma, kwenye vita ileile aliyoikimbia.

Konstebo Geofrey, kijana wa Moshi aliyeletwa kusini kama adhabu (yeye anasema ni uhamisho wa kawaida), alikuwa anaizunguka pikipiki ya Masoudi. "Sajenti, huyu tumuweke ndani tu. Akilala na mbu wa mahabusu atakumbuka."

"Subiri." Lusiana alimgeukia Masoudi. "Tenga lako liko wapi?"

"Tenga gani?"

"La samaki. Hili hapa jipya, hata harufu halina. La zamani liko wapi?"

Masoudi akaangalia pikipiki kana kwamba tenga lingejibu lenyewe.

"Mimi nitakwambia. Liko kambini, karibu na bomba. Kuku wa watu wanatagia humo. Wanawake wameniambia uliliacha siku ileile mtoto alipopotea. Sasa nieleze, muuza samaki gani anaacha tenga lake porini na kurudi mikono mitupu? Ulilishusha kwa sababu kiti cha nyuma kilikuwa na watu."

Geofrey akacheka. Masoudi hakucheka. Alijifuta uso na kanga ya kufungia samaki, akajipaka magamba.

"Sikuiba mtoto," alisema.

"Hatujafika huko. Ulimpeleka wapi?"

"Mandawa. Yeye na mtu mzima mmoja. Nikawashusha njiapanda, nikaondoka. Unajua kesi ya kubeba mkimbizi ilivyo, afande. Mtu anakwambia nibebe, unambeba, kesho unaambiwa unasafirisha binadamu."

"Huyo mtu mzima ni nani?"

"Alisema ni mjomba wake."

Lusiana aliacha kuandika. Kuhusu mjomba alikuwa ameshauliza mapema, ni swali la kwanza ukitafuta mtoto wa huku. Mwamina alikuwa na kaka mmoja tu, Mahamudu, na Mwamina aliiona nyumba ya Mahamudu ikiungua siku waasi walipoingia kijijini kwao, na hakuna aliyetoka humo. Mjomba wa Bilali ni marehemu.

"Mtoto alikwenda naye vizuri? Hakulia?"

"Alie nini? Alikuwa anaimba njia nzima, mpaka nikamwambia anyamaze nisikie injini."

*

"Kuna mtu anajifanya mjomba," Geofrey alisema ndani ya gari. Barabara ya Mandawa ilikuwa inawarusha kama mahindi kwenye ungo. "Mtoto wa kambini, hana baba, mama yuko hospitali anaumwa malaria. Mtu anakuja anasema mimi mjomba wako, twende. Mtoto atajuaje?"

"Miaka tisa anamjua mjomba wake."

"Kama hajamwona miaka miwili?"

Hilo ndilo lililokuwa linamsumbua Lusiana. Siku Bilali alipoondoka, Mwamina alikuwa amelazwa Nachingwea. Alikuwa amemwacha kwa jirani wa hema la pili, bibi mmoja anaitwa Ashura. Mwamina anarudi, mtoto hayupo na Bi Ashura hayupo. Bibi alikuwa amepandishwa kwenye malori ya awamu ya kwanza, na simu hana. Lusiana alikuwa ameomba kwa maandishi bibi atafutwe huko magharibi aulizwe swali moja tu. Majibu yakawa, ombi lako limepokelewa. Akapiga. Ombi lako linashughulikiwa. Akapiga tena, simu ikapokelewa na mtu aliyekuwa anakula.

Mandawa walishuka, na kijiji kikafunga mdomo.

Siyo kwamba watu walikuwa wakali. Walikuwa na adabu zote. Karibuni, mmeamkaje, za Nachingwea. Mabenchi yalitolewa. Lakini ukitaja mtoto kutoka Msumbiji, mzee anaanza kukohoa, mama anakumbuka ana kitu jikoni. Fundi baiskeli aliambiwa jino la mbele limevunjika, akasema hapa watoto wote meno yamevunjika, wanapanda mikorosho. Mwanamke mmoja aliangalia sare ya Geofrey kutoka kofia mpaka viatu, akamwuliza kama wamekuja na lori.

"Hatuna lori, mama," Lusiana alisema. "Namtafuta mtoto mmoja, mama yake analia."

"Pole yake," mwanamke alisema, akaingia ndani.

Kutoka porini, upande wa mashamba ya mikorosho, zilisikika sauti za watoto wa kiume wakiimba kwa pamoja, halafu kimya, halafu tena. Ulikuwa msimu wa jando. Shule zimefungwa, vijiji vyote vina kumbi porini, wanakokaa watoto wanaotahiriwa.

Nyumba pekee iliyowapa chakula ilikuwa ya mama mmoja anaitwa Hadija, mwembamba, mcheshi, anaishi peke yake pembeni ya kijiji. Aliwapakulia ugali wa muhogo na kunde. Geofrey alitia tonge mdomoni akaacha kutafuna.

"Mama, samahani. Chumvi?"

"Imekwisha, mwanangu."

"Hata kidogo?"

"Hata ya kulamba."

Wakala hivyohivyo. Lusiana akauliza maswali yake, Hadija akajibu yote bila kujibu hata moja. Watoto? Hakujaliwa. Mume? Alikwenda kuvua Kilwa akaoa hukohuko, samaki wamjue yeye. Wageni kutoka ng'ambo? Ah, wageni ni wa Mungu, wanapita. Mama yangu mzazi, alisema, alikulia na mtoto wa ng'ambo, tangu ile vita ya Mreno, wakati watu wanavuka na mabakuli kichwani. Ila hiyo ni zamani.

"Huyo mtoto wa ng'ambo alikwenda wapi?"

"Vita ilikwisha, akarudi kwao. Ongezeni kunde."

Walipotoka Geofrey alikuwa amenuna kweli. "Chumvi anayo. Nimeona pakiti nyuma ya mtungi, tena imefunguliwa. Polisi tumekuwa wabaya kiasi cha kunyimwa chumvi?"

Lusiana alisimama katikati ya njia.

"Rudia."

"Nimesema ana pakiti nzima ya—"

"Imefunguliwa?"

"Imefunguliwa, imekunjwa na mpira juu."

"Geofrey, kwenu mtoto akitahiriwa mama yake anafanya nini?"

"Anapika ndizi. Watu wanakunywa mbege."

"Kwetu Masasi, kaka yangu alipoingia kumbini mama aliikunja chumvi akaiweka pembeni mpaka kidonda kikakauka. Nyumba inayopeleka chakula kwa mwali, mtoto aliye kumbini, haitii chumvi kwenye chungu. Hata aje mgeni gani. Baba alinuna kama wewe." Alikuwa anageuka tayari. "Yule mama anasema hakujaliwa mtoto. Anampikia nani?"

*

Njia ya kwenda kumbini ilikuwa imezibwa kwa matawi mabichi, na hapo Lusiana akakomea. Angeweza kuruka matawi, sheria ipo upande wake. Lakini mwanamke akivuka pale, kumbi zima linaharibika, na hakuna mtu wa Mandawa, wala Ruponda, wala popote, atakayemwambia polisi kitu mpaka Lusiana astaafu.

"Nenda wewe," alimwambia Geofrey. "Angalia tu. Mtoto mwenye jino lililovunjika. Umemwona, unarudi."

Geofrey hakufika mbali. Mzee alitokea kwenye kichaka akiwa na fimbo, kanzu imekunjwa kiunoni. Alijitaja kuwa ni Seleman, mwangalizi wa kumbi. Akamsemesha Geofrey maneno fulani kwa Kimwera, mbiombio, halafu akasubiri.

"Sijaelewa, mzee."

"Hujaelewa kwa sababu hujui kujibu. Aliyepita kumbini anajibu. Ulitahiriwa wapi?"

"Hospitali."

"Basi wewe ni mgonjwa uliyepona," Mzee Seleman alisema. "Si mtu wa kumbi. Rudi."

Kutoka nyuma ya matawi Lusiana alipaza sauti, kwa heshima yote aliyokuwa nayo. "Shikamoo babu. Naomba uniambie kitu kimoja. Humo ndani kuna Bilali?"

"Marahaba mjukuu wangu. Humu hakuna Bilali. Hakuna Seleman, hakuna Tadeo. Humu kuna wali. Majina waliyaacha hapo ulipo wewe, wakitoka watapewa mengine."

"Lakini yupo mtoto wa ng'ambo?"

"Wali hawana ng'ambo."

"Babu, mama yake anaondoka kesho. Hajui kama mwanawe ni mzima."

Mzee alikita fimbo ardhini. Sura yake ilikuwa ya mtu anayetaka kusema na hawezi. "Mama wa mwali yeyote aliye humu," alisema mwishowe, "hana sababu ya kulia. Hilo tu. Nikisema zaidi mimi mwenyewe nimevunja kumbi."

"Huwezi kuja mpaka kambini ukasema hilohilo?"

"Sitoki humu mpaka watoke wao."

Akageuka, akaondoka zake. Geofrey alirudi akijipangusa majani, akasema haijawahi kutokea akadharauliwa sehemu ile ya mwili.

Mtandao Mandawa unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, nyuma ya shule. Lusiana alikipanda akampigia Kaimu, msimamizi wa kambi.

"Mtoto amepatikana," alisema. "Yuko jandoni Mandawa, ana kidonda, hawezi kusafiri. Mwondoe Mwamina kwenye orodha ya lori."

"Alhamdulillahi. Umemwona?"

"Sijamwona. Wanawake hawaingii."

"Huyo kijana wako kamwona?"

"Kakataliwa. Lakini mama anayempikia ametulisha kunde bila chumvi."

Kaimu alipumua kwenye simu. Hakuwa mtu mbaya, ndiyo maana ilikuwa vigumu kumgombeza. "Dada Lusiana. Mgonjwa hasafirishwi na mama wa mgonjwa habanduliwi, kanuni ninayo. Lakini inataka ndugu aliyemwona mgonjwa kwa macho, asimame mbele yangu aseme. Mimi nikiandika kwamba sajenti amekula kunde hazina chumvi, wakubwa watanihamishia wapi?"

"Nipe mpaka jioni ya kesho."

"Malori yanaondoka jua likichomoza. Niletee ndugu."

Ndugu. Lusiana alishuka kichuguu akiyataja kwa sauti aliyoyajua, Geofrey akimfuata nyuma. Mtoto hawezi kuingizwa kumbini na mpita njia, mzee angekataa, anayempeleka ni mjomba. Mtoto aliimba njia nzima kwenye pikipiki, hakuogopa. Hadija anampikia, na mama yake Hadija alikulia pamoja na mtoto wa vita ya Mreno. "Mwamina aliniambia mama yake aliwahi kuishi upande huu akiwa mdogo," alisema. "Nikaandika nikapita. Nilimwuliza kuhusu vita ya juzi, sikumwuliza kuhusu ya zamani. Mtoto aliyekulia kwa kina Hadija ndiye mama yao, yeye na Mahamudu."

"Kwa hiyo yule mtu hajifanyi mjomba," Geofrey alisema.

"Hajifanyi."

*

Hadija alikuwa anachambua kunde za kesho. Lusiana alivua viatu, akakaa mkekani bila kukaribishwa.

"Dada Hadija, sikuja na lori. Mwambie Mahamudu atoke, dada yake anamlilia yeye na mtoto, wote wawili, na wote wawili wazima."

Mikono ya Hadija ikasimama kwenye ungo. Ndani, nyuma ya magunia ya korosho, mtu alikohoa.

Alitoka mwanaume wa makamo, shingo ina kovu la moto mpaka sikioni. Hakukaa.

"Mwamina hajui?" aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa ng'ambo, kama cha dada yake. "Nilimwambia Bi Ashura. Nilimwambia, dada akirudi hospitali mwambie Mahamudu yu hai, alitokea nyuma nyumba ikiungua, yuko kwa watu waliomlea mama, nimemchukua mtoto, msimu usimpite. Masoudi ndiye aliyenitajia kwamba wako pale kambini."

"Bi Ashura alipandishwa lori kabla Mwamina hajarudi."

"Mimi nilijua anajua. Nikasema amenyamaza kwa sababu mama haulizi habari za kumbi. Nilimngoja yeye aje. Mimi kurudi kambini siwezi, sina karatasi hata moja. Nilivuka kwa mtumbwi."

"Mtoto anaendeleaje?"

"Mzima. Jana alikula mpaka akaomba tena. Namwona kila asubuhi napopeleka chakula."

Hapo ndipo shahidi alipopatikana, ndugu wa damu, aliyemwona kwa macho, na Lusiana akamweleza kanuni ya Kaimu yote bila kuficha kipande. Mahamudu alisikiliza mpaka mwisho.

"Nikisimama mbele yake nikasema, nitarudi hapa?"

Geofrey aliangalia pembeni.

"Hapana," Lusiana alisema. "Huna karatasi. Akikuona lazima akuandikishe, na akikuandikisha unapanda. Nitamwomba. Atakataa."

"Nisiposema?"

"Mwamina atapanda. Au atakataa, watamvusha mto."

Hadija alisukuma ungo, kunde zikamwagika. "Ulikuja kutafuta mmoja," alimwambia Lusiana. "Sasa unaondoka na mwingine. Hiyo ndiyo kazi yenu?"

Lusiana akaanza kuokota kunde. Mahamudu aliingia ndani. Walisikia akifungua na kufunga kitu. Alipotoka alikuwa amevaa shati safi, na mkononi alishika kanzu ndogo nyeupe, bado imekunjwa ya dukani.

"Hii ni ya siku ya kutoka," alimwambia Hadija. "Nilitaka kumvisha mimi. Chakula cha kumbini mpelekee wewe mpaka kwenye matawi, Mzee Seleman atapokea."

"Na nani atampokea akitoka? Mjomba ndiye anayempokea."

"Mtafute mwanaume yeyote wa hapa. Mwambie nimemwomba."

*

Malori yalikuwa yameshawasha injini walipofika, na Kaimu alisikiliza maelezo akiwa amesimama, akauliza maswali mafupi, akaandika. Mtoto ni mgonjwa, ndiyo. Mama abaki mpaka apone, sawa. Akamfuta Mwamina kwenye lori la kwanza kwa mstari mmoja wa kalamu. Halafu akamwangalia Mahamudu kwa huzuni ya kweli kabisa.

"Na wewe, kaka, uliingia nchini lini na kwa njia gani?"

"Kaimu," Lusiana alisema. "Mwache mpaka mtoto atoke kumbini. Nitamleta mwenyewe."

"Nimeshamwona, dada. Nisingemwona ningenyamaza. Ni wewe uliyemleta mbele yangu."

Mwamina aliletwa kutoka kwenye foleni, furushi kichwani. Alimwona kaka yake akiwa hatua chache tu, akasimama. Akashusha furushi taratibu, akaliweka sawa lisianguke. Halafu akamfuata, akampiga kofi la bega, la pili, la tatu, kwa nguvu zake zote.

"Nimekusomea hitma," alisema. "Mahamudu, mimi nimekusomea hitma."

"Nimeshiba, asante," Mahamudu alisema, na hapo wote wawili wakaketi chini vumbini.

Walipewa nafasi ya kuongea kwa muda ule watu walipokuwa wanapandisha vyombo. Mahamudu aliongea, Mwamina akitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Hadija wa Mandawa. Kanzu. Asivuke matawi. Akitoka asimwite Bilali tena, amwulize jina lake jipya na alitumie hilohilo. Dereva akapiga honi. Mahamudu alipanda na shati lake safi, hana hata mkeka, akakaa kwenye nafasi ya Mwamina kwa sababu ndiyo iliyokuwa wazi.

Lori lilipopinda kuelekea barabara kubwa, Mwamina alikimbia nalo mpaka uzio, akasimama hapo.

Geofrey alikuwa ameegemea gari, faili limefunguliwa juu ya boneti.

"Sajenti, wanataka taarifa kabla ya saa sita. Niandike nini?"

"Andika amepatikana."

"Nani?"

Lusiana alimfungulia Mwamina mlango wa nyuma, akachukua furushi lake, akaliweka ndani. "Washa gari," alisema. "Twende Mandawa."